Kuchuchumaa Kariakoo

Jambo la kwanza analofanya mhudumu wa mtaani akiwafikia vijana waliolala barazani, Mtaa wa Mkunguni, ni kuchuchumaa. Hawasimamii kichwani na tochi. Anachuchumaa hatua chache nje ya maboksi yao, upande ambao taa ya duka itammulika yeye usoni, si wao. Aliyezoea kuamshwa kwa kiatu cha mgambo hutazama miguu kabla ya uso, na miguu iliyokunjwa haina namna ya kupiga teke.

Jiji hili la Dar es Salaam lina mafundi wa kila aina wa kuwastaajabia, lakini wahudumu hawa ndio wanaonishinda kuwaelezea, kwa sababu ukiwatazama kwa haraka huoni kazi yoyote. Saa sita usiku, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wamechuchumaa wanabishana na watoto kuhusu Simba na Yanga. Mwanamke anasafisha kidonda cha mguuni. Muda unakwenda, hakuna aliyeandikwa jina, hakuna aliyepelekwa popote. Kisha wanaaga na kuondoka. Waulize kama usiku ulikuwa na faida, watakwambia ulikuwa mzuri sana: yule mdogo mwenye fulana ya njano leo amekaa mpaka mwisho, hakukimbia.

Ili mtoto akae bila kukimbia, kazi ilianza mchana, siku nyingi kabla. Kariakoo ya mchana inaficha kila kitu. Katikati ya maguta, mikokoteni, wapiga debe na wateja waliotoka Lubumbashi na Lusaka kufuata bidhaa, mvulana wa miaka kumi na miwili anayebeba mzigo wa mtu haonekani tofauti na mwingine. Wengi wa hao jioni hurudi Buguruni, Manzese au Tandale, kwa mama au kwa bibi. Wachache hawarudi. Kuwatenganisha ndio somo la kwanza la kazi hii, na sura haikusaidii hata kidogo, kwani mtoto mwenye kwao anaweza kuwa mchafu kuliko asiye na kwao.

Wahudumu wazoefu hutazama hela. Mtoto mwenye kwao akipata jero anaificha, maana nyumbani inasubiriwa. Mtoto anayelala nje ataimaliza yote kabla usiku haujaingia: chipsi, mpira wa kuangalia kibanda umiza, sigara moja, hata kumnunulia mwenzake soda. Mpita njia ataona upumbavu. Mtoto anajua hesabu zake. Hela itakayomkuta usingizini itachukuliwa na wakubwa wa kijiwe, pengine na kipigo juu yake, kwa hiyo mahali pekee salama pa kuihifadhi ni tumboni. Mhudumu anayeelewa hivyo hatamhubiria mtoto kuhusu kuweka akiba. Atamuuliza nani anamnyang'anya.

Baada ya hapo ramani. Saa nne usiku, mageti ya chuma yakishushwa, kila mtaa unabadilisha wenyewe. Maduka ya nguo hutupa maboksi makubwa, makavu, na palipo na maboksi mazuri ndipo panapolalwa. Malori ya mikoani hushusha mizigo usiku, na penye kushusha pana kazi ya kubeba. Ramani hiyo haidumu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 1 Juni 2019, vijana waliokuwa wakizunguka sokoni na marobota ya rambo walilazimika kutafuta kitu kingine cha kuuza. Soko kuu, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na eneo lake likazungushiwa mabati. Mwaka huohuo mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis, na mtu aliyezoea kusimama Ubungo alfajiri kuwapokea watoto walioshuka peke yao ilibidi ajifunze stendi upya: lango lipi wanatokea, mama ntilie yupi anawapa ukoko, bodaboda yupi anawaleta mjini bure na yupi si wa kuaminiwa. Stesheni ya treni, hatua chache kutoka Gerezani, nayo ina wakati wake na wageni wake.

Turudi kwenye kuchuchumaa. Salamu ya kwanza haiendi kwa mtoto mwenye kidonda, wala kwa mdogo kuliko wote, ingawa moyo unakuvuta huko. Inakwenda kwa mkubwa wa kijiwe, kijana wa miaka kumi na saba au kumi na tisa ambaye wenzake wote wanamtazama yeye kabla ya kujibu. Ukimruka, umemvunjia heshima mbele ya watu wake, na kesho hutamkuta mtu hapo. Na mhudumu haombi shikamoo. Kwa malezi yetu hilo si dogo. Mtu mzima anatangulia kusema "mambo vipi wadogo zangu," anajibiwa "poa" ya upande wa mdomo, na anaipokea. Wale watoto wanaijua shikamoo vizuri kabisa, wameifundishwa na mama zao. Wameinyima dunia kwa sababu dunia imewanyima mengi. Ikitokea usiku fulani, bila kuombwa, mmoja akaitoa kimyakimya huku anaangalia pembeni, mhudumu anaitikia "marahaba" kama jambo la kawaida. Ameshalipwa.

Mkoba una spiriti, pamba, bandeji, plasta, glavu. Hauna biskuti. Hapa watu wema wa jiji hili hutofautiana na wahudumu, na mimi nimekuja kuwa upande wa wahudumu. Ndugu anayekuja na gari Ijumaa kugawa wali ana thawabu zake, sitaki kumkatisha tamaa, lakini chakula kinachogawiwa kijiweni hupangwa na wakubwa, na mgawaji akishaondoka wadogo hulipia. Zaidi ya hapo, mtu aliyekuja na zawadi atapokelewa kwa ajili ya zawadi. Kidonda ni mlango mwingine. Mtoto anayeonyesha kidonda ameomba kitu mwenyewe, na kitu hicho kinamlazimu mhudumu arudi keshokutwa kubadilisha bandeji. Akisema Jumanne, aje Jumanne, hata mvua ikijaza Jangwani na barabara kufungwa. Hawa ni watoto walioahidiwa na kila mtu. Mzazi aliahidi, mjomba aliahidi, kondakta aliyemleta mjini aliahidi. Anayetimiza ahadi ndogo ya bandeji anaanza kuwa mtu wa ajabu.

Gundi haipokonywi. Chupa ikiwa mdomoni mwa mtoto, mhudumu anaendelea na maongezi yake, akijua kwamba leo hayatafika mbali, na anapita mapema zaidi kesho yake, kabla haijaanza kuvutwa. Nimeona watu wa dini wakikereka na uvumilivu huo. Sijaona mtoto aliyeacha gundi kwa kupokonywa chupa.

Jiji lina historia ndefu ya njia ya pili, ile ya kuzoa watu mitaani. Waingereza walifanya misako dhidi ya vijana wasio na ajira na kuwarudisha bara. Baada ya uhuru, wasio na kazi walipelekwa vijiji kama Gezaulole, upande wa Kigamboni, na mwaka 1983 ikaja operesheni ya Nguvu Kazi, watu wakawa wanatembea na vitambulisho vya kazi mfukoni wakihofia kupakiwa kwenye lori. Mwaka 2016 mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, aliamuru ombaomba waondoke mjini. Kanuni ya Adhabu yetu, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, bado inaufanya uzururaji kuwa kosa, ingawa mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapahapa nchini, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Msako una sifa moja kubwa: unaonekana. Kiongozi anapiga picha na lori lililojaa. Usiku wa kuchuchumaa hauna picha, na kwa sababu hiyo umekuwa ukitafuta fedha kwa shida miaka yote.

Njia ya kuchuchumaa nayo ina ukoo wake. Huko Brazil, katika miaka ya 1980, walitokea waelimishaji wa mtaani waliochota fikra kwa mwanaelimu Paulo Freire, na mwaka 1985 wakaanzisha vuguvugu la taifa la wavulana na wasichana wa mtaani, watoto wenyewe wakiwa ndio wasemaji. Freire huyohuyo alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Kwetu, mwaka 1992 ulizaa mashirika mawili: Kuleana kule Mwanza, na hapa Dar kituo cha Dogodogo, kilichoanzishwa na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, yeye aliyekuwa pia nyuma ya Nyumba ya Sanaa. Wakafuata Baba Watoto wa Mburahati na sarakasi zao, KIWOHEDE wa Buguruni kwa ajili ya wasichana, Railway Children na wengine. Kati ya 2016 na 2021 mradi wa Kizazi Kipya, kwa fedha za Wamarekani, uliunganisha baadhi yao na maafisa ustawi wa halmashauri. Miradi huja na kwisha. Kilichobaki ni ujuzi uliohama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Sehemu ya ujuzi huo inayonivutia kuliko zote ni kutafuta nyumbani kwa mtoto. Mtoto hatasema kweli mara ya kwanza, na hana sababu ya kusema. Leo anaitwa Juma wa Morogoro, wiki ijayo Hamisi wa Singida. Mhudumu hamkumbushi alichosema jana. Haandiki mbele yake pia; anakwenda kuandika baadaye, chini ya taa ya kituo cha mwendokasi. Na swali la "unatoka wapi" haliulizwi kabisa. Linaulizwa la pembeni. Kwenu mnada ni siku gani? Mlikuwa mnateka maji mtoni au bombani? Mwalimu mkali alikuwa nani? Ulipanda treni, mkapita stesheni ipi kabla ya giza kuingia?

Majibu ya maswali hayo yana nguvu ya ajabu. Mtoto wa miaka tisa hajui wilaya yake, lakini anajua kwamba mnada ni Jumamosi, kwamba kutoka uwanjani unaona mlima uliokatika kichwa, kwamba treni ilisimama sana Kilosa kisha ikasimama tena mahali wanapouza mahindi ya kuchoma. Siku ya mnada pekee inaondoa vijiji vingi kwenye hesabu. Jina la utani la mwalimu mkuu linamaliza kazi, maana afisa ustawi wa wilaya akipiga simu kwa waratibu elimu wa kata, kuna mmoja atakayecheka na kusema huyo namjua. Unamwona mhudumu akizikusanya hizo chembe kwa miezi, kama fundi cherehani anayeokota vipande vya kanga moja mpaka maandishi yasomeke.

Hapo ndipo ushirikiano unapoonekana, na sizungumzii hati zinazotiwa saini hotelini. Mlinzi wa duka la vitambaa ana namba ya mhudumu. Akiona sura ngeni chini ya ngazi anapiga, haiti polisi. Muuza kahawa anayepita na birika lake saa tisa usiku anajua nani anakohoa. Mama lishe anajua nani hakuja asubuhi. Mjumbe wa mtaa anajua nyumba ipi inaweza kumpokea mtoto usiku mmoja bila maneno. Kila mmoja wa hawa alipatikana kwa kuchuchumaa vilevile, kwa kahawa nyingi na salamu nyingi. Mgambo ndio wagumu zaidi, kwa kuwa wana amri zao kutoka juu. Lakini hata huko kuna mtu ambaye, kabla ya operesheni, hupiga simu na kusema maneno mawili matatu yasiyo na maana kwa msikilizaji mwingine.

Kisheria mtoto ni wa jiji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa kila halmashauri wajibu wa kulinda watoto walio katika eneo lake, na tangu Februari 2021, Ilala ilipopandishwa hadhi, halmashauri ya Kariakoo ndiyo Jiji la Dar es Salaam lenyewe. Shirika haliwezi kumpandisha mtoto basi bila afisa ustawi. Afisa ustawi, mwenye kata nyingi na gari moja la kugombania, hawezi kumpata mtoto bila shirika. Kila upande unamhitaji mwenzake na kila upande unanung'unika, na katika manung'uniko hayo kazi inakwenda. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna namba 116 isiyolipiwa ambayo mtu yeyote anaweza kupiga, na kuna walezi wa kuaminika, familia za kawaida zilizochunguzwa na kufundishwa kumpokea mtoto huku nyumbani kwake kukitafutwa. Walezi hao wanastahili makala yao.

Safari ya kurudi hufanyika mtoto akisema yuko tayari, siyo basi likipatikana. Mhudumu hutangulia kwenda peke yake kuuona mlango. Kuna mama wa kambo? Baba bado anakunywa? Kosa lililomtoa mtoto lilikuwa lipi, mbuzi aliyepotea, shilingi elfu mbili, sare ya shule? Elimu ni bila malipo tangu Januari 2016, lakini sare na daftari si bure. Mzazi naye huchuchumaliwa. Amekuwa akisemwa kijijini, ana aibu, na aibu ya mzazi hugeuka fimbo haraka sana. Kuna watoto wanaorudi Kariakoo baada ya mwezi. Ukimkuta mhudumu anamwona tena mtoto wa namna hiyo, sikiliza anachosema: "Umerudi? Umekula?" Halafu anachuchumaa.

Wasichana sijawataja, na hata mtaani hawatajiki kirahisi. Msichana halali barazani. Analala palipo na bei. Wengi waliletwa mjini na ndugu kufanya kazi za ndani, wakafukuzwa au wakakimbia, na kati ya kufukuzwa na kuchukuliwa na mtu mbaya kuna saa chache tu. Kwa hiyo baadhi ya wahudumu wanawake hufanya kazi asubuhi, stendini na kwenye vibanda vya kusuka, wakimtafuta msichana mwenye mfuko mmoja anayekaa mahali pamoja muda mrefu mno. Ni kazi ya kasi, isiyofanana na ile ya usiku, na sidhani kama mtu mmoja anaweza kuwa bingwa wa zote mbili.

Wale waliokwisha kufika miaka kumi na nane ndio wanaoipima kazi hii kwa ukali zaidi. Huwezi kumrudisha nyumbani mwanamume wa miaka ishirini na mbili aliyeishi Kariakoo tangu akiwa na minane. Kwao ni hapa. Anachotaka ni kuuza maji bila kukimbizwa, kukodi chumba Mchikichini, kupata laini ya simu. Laini inataka alama za vidole na kitambulisho cha taifa, cha NIDA. NIDA inataka cheti cha kuzaliwa au vielelezo vingine, pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anauliza: unakaa nyumba namba ngapi? Kijana anakaa barazani kwa mtu. Bila laini hakuna pesa ya simu, bila kitambulisho hakuna kikundi, na bila kikundi hakuna mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato, ambao halmashauri hutoa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Nimemwona mhudumu akifungua fundo hilo kwa ustadi usioandikwa kwenye mwongozo wowote. Alimleta mwenyekiti wa mtaa usiku. Alimpitisha barazani, akamwonyesha kijana alipolala, akamwita mlinzi wa duka atoe ushahidi kwamba huyu yuko hapa miaka yote, halafu mama lishe, halafu mwenye duka kwa simu. "Mwenyekiti," akamwambia kwa adabu zote, "huyu ni mkazi wako kuliko hao wapangaji wa ghorofani." Mwenyekiti alikasirika kidogo, akacheka, akaandika.

Mhudumu huyo mwenyewe alilala mitaa hiyohiyo alipokuwa mdogo. Wengi wa walio bora wamepita huko. Wanasikia tofauti kati ya kikohozi cha vumbi na kikohozi cha kifua kikuu kabla hujamwona mkohoaji, na wanajua baraza gani huvuja. Lakini ajira za serikali hutangazwa kwa vyeti, na mtu aliyekuwa akilala nje umri wa kidato cha nne hana cheti cha kidato cha nne. Kwa hiyo afisa mwenye shahada huajiriwa na jiji na kupewa meza, na anayemfundisha kazi usiku analipwa posho ya kujitolea pamoja na nauli ya kurudi Gongo la Mboto, ambayo usiku wa manane ni ya bodaboda na haitoshi. Jiji lingeweza kubadilisha hilo kwa kikao kimoja cha baraza la madiwani.